Muulize Bi Mhasibu: Mchango wa bima ya afya hutoka mfukoni mwa nani?

Mwezi huu meza yangu hapa Wete imejaa barua za bima ya afya. Nimejibu nne. Kwa msomaji mgeni: kabla ya kurudi Pemba nilikuwa nikipiga hesabu za mishahara katika hoteli moja kaskazini ya Unguja, kwa hiyo nikisema "hati ya mshahara" ujue naisema kama mvuvi anavyosema nyavu.

Bi Mhasibu, asalaam aleikum. Nina nyumba ya wageni Jambiani, wafanyakazi kumi na mmoja. Nimeletewa barua ya kujisajili na mfuko wa afya. Pensheni nachangia, kodi nalipa, na sasa hili tena. Mke wangu anasema tupunguze wawili. Anayetufanyia hesabu anasema tuwageuze vibarua wa msimu. Na wageni wenyewe si tayari wanakatiwa bima wakiingia? — Mwenye Nyumba, Jambiani

Waaleikum salaam, bwana. Nianze na la mwisho maana ni jepesi. Zile dola 44 za mgeni ni bima ya safari, imeanza Oktoba 2024, inauzwa na Shirika la Bima la Zanzibar, na inamfaa yeye akiteguka mguu akitembea kwenye miamba maji yakitoka. Mpishi wako hayumo. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ni jambo jengine, una sheria yake ya 2023, ulianza na watumishi wa umma na sasa umebisha hodi kwako.

Kiwango kilichomo katika barua yako hukukitaja, kwa hiyo nitapiga mfano kwa hesabu ya NHIF, mfuko wa bima ya afya wa Bara, ambako kwa miaka mingi mchango umekuwa asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mwajiri, nusu ya mfanyakazi. Wewe badilisha tarakimu. Tuseme kila mtu kwako anapata shilingi 500,000, ingawa najua mlinzi hapati sawa na mpishi. Fungu lako kwa kila mmoja ni 15,000. Kwa kumi na mmoja ni 165,000 kwa mwezi. Sasa tazama: 165,000 ni theluthi ya mshahara wa mtu mmoja. Bibi nyumbani anataka mfukuze watu wawili ili mfidie theluthi ya mtu. Akirudia tena ushauri huo, muulize nani atatandika vitanda mwezi wa Agosti.

Lakini swali lako lina swali jengine ndani yake, nalo ndilo lililonifanya nikae na barua yako usiku mzima: je, hiyo 165,000 ni wewe kweli unayeilipa?

Hotelini, siku ya mshahara watu walipanga foleni dirishani kwangu, kila mmoja na hati yake mkononi na kidole juu ya mstari wa makato. "Bi, hii ya nini? Na hii?" Nikieleza. Hakuna aliyeuliza mchango wa mwajiri, kwa sababu katika hati yao haukuwamo. Ulikuwamo katika karatasi yangu mimi, ile kubwa ya meneja. Na ulipofika wakati wa kupanga nyongeza, kabla ya msimu kufunguka, meneja hakutazama safu ya mishahara hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye safu ya mwisho kulia: mshahara na michango yote, yaani huyu mtu ananigharimu kiasi gani. Kama safu ile imepanda kwa sababu ya mchango mpya, nyongeza ilipungua kwa kadiri ileile. Hakuna aliyemtangazia mtu. Mhudumu wa vyumba alidhani tu kwamba mwaka ule biashara ilikuwa mbaya.

Wachumi wamelifuatilia jambo hili kwa miongo. Jonathan Gruber alizitazama sheria za Marekani za miaka ya 1970 zilizolazimisha bima za kazini zigharamie uzazi. Katika utafiti wake uliotoka 1994 alikuta mishahara ya wale waliolengwa ilishuka karibu sawasawa na gharama ya bima yenyewe, na ajira haikupungua. Jimbo la Massachusetts lilipopitisha sheria yake ya bima kwa wote mwaka 2006, Amanda Kowalski na Jonathan Kolstad walikuta wale waliopata bima kupitia waajiri wao walikuwa na mishahara ya chini kwa takriban dola 6,000 kwa mwaka, karibu na kile mwajiri alichokuwa akikitoa. Chile ilikwenda upande wa pili: mwaka 1981 mzigo wa michango uliondolewa mabegani mwa waajiri kwa kiasi kikubwa, na mishahara ikapanda kwa karibu kiasi hicho. Waajiri hawakuongeza watu.

Mchango ni mzigo wa mpiko unaobebwa na watu wawili. Sheria inaweza kuandika kila mmoja ashike ncha ipi, lakini mzigo huteleza kwa aliye mfupi. Na mfupi mara nyingi ni yule asiye na pa kwenda.

Msidhani basi nakwambia ulale usingizi. Iko Kolombia. Sheria yao ya 1993 ilipandisha michango ya afya na pensheni kwa pamoja, na Adriana na Maurice Kugler walipochunguza viwanda vya huko walikuta kila mzigo wa michango ulipoongezeka kwa asilimia 10, ajira rasmi ilipungua kwa asilimia 4 mpaka 5, na mishahara ikashuka kidogo tu, chini ya asilimia 2 na nusu. Kule mzigo haukuteleza. Ulikwama, na uliokwama ukaangusha watu kazini. Mwishoni mwa 2012 serikali yao ikapunguza michango ya waajiri kwa pointi 13.5, na ajira rasmi ikainuka.

Kwa nini Massachusetts hivi na Kolombia vile? Sababu mbili, na zote mbili ziko Jambiani.

Ya kwanza ni kima cha chini cha mshahara. Mpishi wako mkuu unaweza kumcheleweshea nyongeza. Mfagia uwanja, mlinzi wa usiku na mfua mashuka wako kwenye kima cha chini, na sheria haikuruhusu kushuka hata shilingi. Kwa hao, mchango ni wako kweli, unatoka mfukoni mwako. Hao ndio ambao waajiri wa Kolombia waliwaacha, na hao ndio anaotaka mhasibu wako uwageuze vibarua. Kwa hiyo usipige hesabu ya watu kumi na mmoja. Piga ya wale walioko kwenye kima cha chini. Ukikuta ni wanne, mchango wako unaouma hasa ni wa watu wanne, na katika mwezi wa Agosti unapatikana kwa chumba kimoja kilicholaliwa usiku mmoja au miwili.

Ya pili ni dirisha la dawa. Mchumi Lawrence Summers aliandika mwaka 1989 kwamba mfanyakazi akiithamini faida aliyoletewa sawa na gharama yake, atakubali mshahara uliopungua kwa kiasi hicho na kazi hazitapotea. Asipoithamini, kwake hiyo ni kodi. Sasa nenda kituo cha afya ukae kwenye benchi. Mama ana kadi, amepimwa presha, ameandikiwa dawa, anafika dirishani anaambiwa dawa hiyo hamna, akanunue nje. Huyo akirudi kazini na kukuta makato, atadai nyongeza kamili, maana hajapata kitu. Mwenzake aliyepewa dawa zake zote na kurudi nyumbani na nauli yake mfukoni, yeye atasema kadi hii ina maana. Mimi nasema wazi: watu wetu walizowea kuambiwa matibabu ni bure tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, na wakawa wakinunua dawa nje miaka yote. Wakitozwa na wakaendelea kununua nje, tusiwashangae wakinuna. Athari ya bima kwa ajira zako itaamuliwa dirishani pale kuliko katika ofisi yoyote.

Kuhusu vibarua. Marekani, sheria yao ya 2010 ilimlazimisha mwajiri mwenye wafanyakazi 50 na zaidi wa kutwa kuwapa bima, na "wa kutwa" ikahesabiwa kuanzia saa 30 kwa wiki. Watu wakasema, haya, sasa kila mtu atapewa saa 29. Waliokwenda kulitafuta wimbi hilo hawakukuta wimbi, walikuta kiwimbi. Mwajiri anayebadilisha watu kila mara hulipa kwa njia nyengine: sahani zinazovunjika, mgeni anayelalamika, funguo zinazopotea. Wewe nyumba yako inaishi kwa sifa za wageni wanaorudi. Kibarua hajui kwamba yule mzee wa Italia hataki kitunguu.

Nakuongezea jengine ambalo hukuliuliza. Tulikuwa na mpishi mmoja, kijana wa Donge, mkono wake wa pweza sijaupata tena. Hoteli yetu ilikuwa na mkataba na zahanati ya binafsi, na mama yake mgonjwa wa sukari alikuwa akitibiwa humo. Akaitwa nyumba ndogo ya jirani kwa mshahara mkubwa zaidi. Hakwenda. Aliniambia dirishani pale, "Bi, nikiondoka, sindano za mama nani atanunua?" Meneja alilijua hilo vizuri sana, na nyongeza yake mwaka ule ilikuwa ya kuchekesha. Brigitte Madrian alipolipima jambo hili Marekani, katika utafiti wa 1994, alikadiria kwamba bima ya kazini inapunguza watu kuhama kazi kwa hiari kwa robo nzima. Kadi ikiwa ya umma na inakwenda na mtu popote, kamba hiyo inakatika. Wewe mwenye vyumba vichache umekuwa ukishindwa kuwavuta wapishi wa hoteli kubwa kwa sababu huna zahanati. Sasa mko sawa. Hoteli kubwa ndiyo itakayolazimika kuongeza mshahara ili asiondoke.

Basi jisajili. Halafu fanya jambo moja ambalo mimi sikuruhusiwa kulifanya: katika kila hati ya mshahara andika mstari wa mchango wa mwajiri, chini ya mstari wa mchango wa mfanyakazi, ili mtu aone yote mawili. Ukikaa nao kuzungumzia nyongeza mtazungumza mkiwa mmeshika karatasi moja. Na kabla ya masika, unapofunga vyumba na watu kwenda nyumbani bila mshahara, nenda ofisi ya mfuko uulize kadi zao zitakuwaje katika miezi hiyo isiyo na makato. Hilo ndilo ningelilipigia kelele kuliko hiyo asilimia. Mtu wa hoteli huugua malaria wakati wa mvua, si wakati wa msimu.

Wala usimuonee choyo mwenzako wa Mombasa. Ni kweli kwamba tangu Oktoba 2024 mfuko wao mpya unamkata mfanyakazi peke yake, asilimia 2.75 ya mshahara wote, na mwajiri hachangii. Lakini ushaona namna mzigo unavyoteleza. Wao wameanza tu kuubeba kutoka ncha ya pili. Ghana wametafuta njia nyengine, sehemu kubwa ya fedha za bima yao inatokana na tozo ya asilimia 2.5 juu ya bidhaa na huduma, kwa hiyo gharama ya kumuajiri mtu haipandi sana, ila anayeuza samaki naye anachangia kila akinunua sabuni. Ningekuwa na kura, ningechanganya njia zote mbili. Sina.

Bi Mhasibu, mimi nalima mwani Bwejuu. Mume wangu ni mwalimu wa skuli, mimi na watoto tumo katika bima yake. Nililima ili nikiugua niwe na changu. Sasa mume anasema nipumzike. Mkwe wangu naye anasema bima inawafanya wanawake wavivu. Nifanye nini? — Mama Mwani

Shoga, mkwe mwache, lakini hoja yake tuitazame kwa sababu ina nusu ya ukweli.

Taiwan walipoanzisha bima ya taifa mwaka 1995, baadhi ya wake za watu waliacha kazi, kwa sababu walikuwa kazini kwa ajili ya kadi tu. Tailandi ilianza mpango wake wa bima uitwao wa baht 30 (baht ni fedha yao) mwaka 2001, na huko ikawa kinyume: wanawake walioolewa walioingia kazini waliongezeka, hasa kazi zisizo rasmi kama zako na zangu za sasa. Jimbo la Oregon, Marekani, mwaka 2008 lilikuwa na nafasi chache za bima ya umma na waombaji wengi, likapiga bahati nasibu. Hiyo kwa mtafiti ni zawadi, maana waliopata na waliokosa walikuwa watu wa aina moja. Wakalinganishwa. Waliopata bima hawakuonekana kufanya kazi pungufu kwa kiasi cha kupimika. Nisiwe mwongo: jimbo la Tennessee, hukohuko Marekani, mwaka 2005 iliwatoa watu wazima wapatao 170,000 katika bima yake, na wengi wakaanza kutafuta kazi haraka, ishara kwamba kadi ilikuwa imewapa nafasi ya kukaa. Kwa hiyo inategemea nani, na alikuwa akifanya kazi kwa nini.

Na kuna kitu ambacho watu wanakichanganya. Mtu anayeacha kazi kwa kuwa hana haja nayo tena hajafukuzwa. Ofisi ya bajeti ya Bunge la Marekani ilipokisia mwaka 2014 kwamba sheria yao ya bima ya 2010 ingepunguza saa za kazi kwa asilimia 1.5 mpaka 2, magazeti yakapiga kelele kwamba ajira milioni mbili zitauawa. Ofisi ilikuwa imeeleza kwamba wengi wangekuwa ni watu waliochagua wenyewe kufanya kazi kidogo.

Wewe umesema ulilima ili uwe na chako ukiugua. Ugonjwa sasa una kadi. Je, "chako" kinaishia spitali? Mimi nimewaona wanawake wa pwani yenu tangu mwani ulipoanza 1989: milango ya mbao, vyumba vya mawe, watoto waliofika chuo. Hiyo haimo katika kadi ya mwalimu. Tena kadi ile imefungwa kwenye kazi yake, na ndoa, Mungu aziweke, nazo zina msimu wake. Bei ya kilo ni ndogo na maji yamekuwa ya moto, mwani wa kotoni unakufa na kuacha kamba tupu. Hizo ndizo sababu za kufikiria kuacha au kuhamia sabuni ya mwani, si bima. Ukitaka kupumzika, pumzika miezi ya kaskazi kali, na vigingi vyako usimpe mtu.

Shikamoo Bi Mhasibu. Mimi ni fundi wa aluminiamu, Chake Chake. Tajiri anataka kuniandika rasmi, nikatwe hiki na hiki. Wenzangu wananambia nibaki hivihivi, wasiochangia nao watatibiwa tu. Je, nikubali? — Fundi

Marahaba mwanangu. Wenzako wamefikiri kama walivyofikiri watu wa Meksiko. Kule tangu zamani aliyeajiriwa rasmi alikuwa na bima ya kazini, na sheria iliyoanza 2004 ikawapa wasioajiriwa bima yao karibu bure. Wapinzani wakasema hakuna atakayejiandikisha tena. Mariano Bosch na Raymundo Campos-Vázquez walipochunguza walikuta usajili ulipungua kweli katika makampuni madogo, ya watu wasiozidi hamsini. Makubwa hayakutikisika. Duka la tajiri wako ni dogo, kwa hiyo kishawishi mnacho nyote wawili, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuja na kalamu, mshike.

Kuandikwa si bima tu. Ni pensheni, ni fidia kioo kikikukata mkono, ni likizo. Kinachokusumbua ni kwamba mshahara wa mkononi utapungua. Basi usibishane naye kuhusu makato, bishana kuhusu mshahara kabla ya makato. Mwambie akuandikie kiasi ambacho kikishakatwa kinabaki karibu na unachopata sasa. Hatakupa chote. Mwanzoni mwa ajira ndipo unapoweza kusukuma, ukishaandikwa utangoja mpaka mwaka mwengine.

Bibi, binti yangu amemaliza skuli Konde anataka uuguzi. Bima hii italeta kazi au ni maneno? — Baba wa Binti

Mzee wangu, bima ikienea, watu wanaokaa nyumbani na maradhi yao hujitokeza, na wanaojitokeza wanahitaji watu wa kuwapokea. Massachusetts baada ya 2006 kazi za sekta ya afya zilikua haraka kuliko majimbo mengine, ila zilizokua zaidi zilikuwa za ofisini: makarani wa madai, wa kumbukumbu, wa fomu. Bima inazaa karatasi kama mnavyojua. Uuguzi asome, asiache. Na katika mapumziko ajifunze kompyuta na namna ya kujaza madai ya bima, kwa sababu zahanati ndogo ya Konde au Micheweni ikikosea fomu hailipwi, na isipolipwa, mwanao ndiye wa kwanza kucheleweshewa mshahara.